Mikono Yenye Jasho na Binti Anayerusha Mpira wa Softboli

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unapungua.)

Kama uko jikoni endelea na kazi yako, lakini sogeza redio karibu. Mimi ni muuguzi wenu, na leo tutazungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho: viganja vya mikono.

Pengine utashangaa nikikuambia kwamba mazungumzo ya leo yanahusu mchezo. Utasema, "Sista, leo umeacha mambo ya chanjo na lishe, umeingia uwanjani?" Ndiyo mama, leo nimeingia uwanjani, kwa sababu kidonda nilichokiona kliniki kilitoka uwanjani. Nisikilize kwanza, kisha utaona kwa nini.

Jumatatu moja asubuhi mama mmoja alikuja kliniki akiwa na binti yake wa miaka 14. Binti alikuwa amefunga mkono wake wa kulia kwa leso. Mama akaniambia, "Sista, huyu mtoto amedhuriwa na sabuni mpya ya kufulia. Nimempaka dawa ya meno, lakini anazidi kulia." Nilipofungua leso nilikuta kiganja chekundu, kimepasuka katikati ya vidole, na mahali pengine ngozi imetoka kabisa.

Nitawaambia ukweli. Mimi pia kwanza nilidhani ni sabuni, au fangasi. Nilikuwa nimeshika kalamu niandike dawa ya kupaka. Ndipo nikajiuliza: kama ni sabuni ya kufulia, mbona ni mkono mmoja tu? Tunafua kwa mikono miwili. Nikamwomba mama aende dirishani kuandikisha kadi, nikabaki na mtoto. Nikamuuliza polepole, "Mkono huu wa kulia unaufanyia nini?" Akanijibu kwa sauti ndogo, "Narusha mpira, sista."

Binti yule anacheza softboli shuleni. Yeye ndiye mrushaji wa timu. Viganja vyake hutoka jasho jingi, hata asubuhi ya baridi. Wenzake wamempa jina la utani, wanamwita Chura, na wengine wanakataa kumpa mkono. Wiki moja kabla, mpira ulimteleza ukampiga mwenzake begani. Akaogopa atatolewa katika timu. Siku ya mazoezi iliyofuata, akachota unga mweupe uliotumika kuchora mistari ya uwanja, akajipaka mkononi ili ukauke. Ule unga ulikuwa chokaa.

Mama, chokaa ikikutana na jasho huunguza ngozi. Haiunguzi kama moto unaoondoa mkono wako mara moja. Huunguza polepole, na mtoto anaendelea kucheza bila kujua mpaka ngozi imeharibika. Na yeye alikuwa amejipaka tena na tena kwa mchana mzima.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuelezane kidogo juu ya mchezo wenyewe, kwa sababu kuna akina mama ambao watoto wao wanaucheza na hawajapata kuuona. Softboli ilianzia Chicago, Marekani, mwaka wa 1887. Inafanana na mchezo wa raunda ambao wengi wetu tuliucheza shule ya msingi. Mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo. Wanawake walianza kuucheza katika Olimpiki mwaka wa 1996. Hapa Kenya huchezwa katika baadhi ya shule na vyuo.

Ingawa jina lake linatokana na neno la Kiingereza la kitu laini, mpira wenyewe si laini. Mzunguko wake ni kama sentimita 30, na uzito wake ni kati ya gramu 178 na 198. Mrushaji huurusha kwa mkono unaotokea chini, akiuzungusha kama kinu cha upepo. Katika mechi za wanawake wakubwa, mrushaji husimama umbali wa mita 13 hivi kutoka kwa mpigaji. Mrushaji hodari akiuachia, mpira humfikia mpigaji kwa muda wa nusu sekunde hivi. Hakuna muda wa kusema "Jihadhari!"

Sasa fikiria mpira kama huo ukiteleza katika kiganja chenye jasho. Unaweza kumpiga mwenzake usoni. Ndiyo sababu mpigaji huvaa kofia ngumu, na ndiyo sababu sheria za mchezo zinaangalia sana mkono wa mrushaji. Zinazuia udanganyifu, maana mpira uliopakwa kitu huweza kupinda njiani isivyo haki, na pia zinalinda watoto.

Sheria zinasemaje? Nitazisema kwa maneno ya kawaida, na wewe mwulize mwalimu wa michezo sheria za mashindano yenu, kwa maana mashindano hutofautiana kidogo.

Kwanza, mrushaji haruhusiwi kupaka mpira kitu chochote cha kigeni. Si mafuta, si mate, si unga.

Pili, mrushaji anaruhusiwa kukausha mkono wake kwa unga maalum, mwamuzi akiona na kukubali. Unga huo ni wa aina mbili zinazojulikana sana. Moja ni rozini, ambayo hutengenezwa kutokana na utomvu wa msonobari. Nyingine ni magnesiamu kaboneti, ule unga mweupe wanaotumia wachezaji wa sarakasi na wanyanyuaji vyuma. Unga hupakwa mkononi tu, haupakwi mpira wala glavu. Ni vizuri pakiti iwe na maandishi yanayoonyesha kilichomo ndani, ili mwamuzi akiuliza ajibiwe.

Tatu, mrushaji akilamba vidole, ni lazima avipanguse kabla ya kugusa mpira.

Nne, sheria nyingi zinamkataza mrushaji kuvaa plasta au utepe katika vidole vya mkono anaorushia, na pia bangili au kitambaa cha jasho katika kifundo cha mkono huo.

Akivunja sheria, mwamuzi husema mrusho si halali na timu yake huadhibiwa. Akirudia, anaweza kuondolewa uwanjani. Basi mama, usije ukaona mwamuzi anakagua mikono ya mwanao ukadhani anamwonea. Anafanya kazi yake.

(Muziki mfupi.)

Turudi nyumbani sasa. Sheria hizi zinamhusu vipi mama?

Zinakuhusu kuanzia asubuhi, unapomtayarisha mtoto. Sisi mama wa Kenya hatupendi mtoto atoke nyumbani akiwa amepauka. Tunampaka mafuta ya mgando hadi anang'aa. Ni vizuri kwa ngozi, lakini siku ya mechi mafuta ya mikononi hufanya mpira uteleze, na mwamuzi akiyaona atayahesabu kuwa kitu cha kigeni. Siku hiyo mpake miguu na uso, mikono iache. Mafuta ya mikono ampake usiku, baada ya mchezo, na wakati huo ndipo ngozi inayahitaji zaidi.

Zinakuhusu pia kwa vitu ambavyo watoto hujaribu wasipopewa unga unaofaa. Acha nivitaje kimoja kimoja.

Chokaa nimekwisha kuisema. Isiguswe kabisa kwa mkono mtupu.

Majivu ya jikoni: yakilowa jasho nayo huchoma na kukausha ngozi mpaka inapasuka.

Poda ya mtoto: wengi hudhani inasaidia, lakini poda nyingi ni laini na huteleza, kwa hiyo mkono haushiki. Na vumbi lake likivutwa na mtoto mchanga aliye nyumbani linaweza kumziba pumzi. Usimwachie mtoto mkubwa akipukute poda karibu na mdogo wake.

Unga wa mahindi au wa muhogo: ukichanganyika na jasho unakuwa kama ugali mwembamba vidoleni. Hausaidii, na unga ni wa kula.

Mafuta ya taa: kuna watoto wanaojipangusa nayo wakidhani yanakausha. Yanaunguza ngozi na yanashika moto haraka. Yafungie mbali.

Mate: mpira unapita mikono ya watoto kumi na zaidi, unaanguka katika udongo, kisha mtoto analamba vidole vilivyoushika. Hivyo ndivyo anavyojipelekea kuhara, minyoo na mafua. Hapo sheria ya mchezo na sheria ya afya zinakubaliana.

Na ule unga unaoruhusiwa, je, hauna madhara? Kwa watoto wengi hauna, ukitumiwa kidogo. Lakini kuna watoto ambao ngozi yao haipatani na rozini. Utaona wekundu, mwasho na vipele vidogo mahali ilipogusa. Kuna dalili moja ya kukusaidia: gundi ya baadhi ya plasta za vidonda ina rozini. Kama mwanao akibandikwa plasta hubaki na alama nyekundu inayowasha, mweleze mwalimu, amtafutie unga wa aina ile nyingine. Na kama mwanao ana pumu, vumbi la rozini linaweza kumchokoza kifua. Asipigepige mfuko wa unga hewani, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu na uwanja, isiachwe bwenini.

Kwa watoto wengi wanaocheza shuleni, hata unga hauhitajiki. Taulo ndogo kavu inatosha. Kata taulo kuukuu vipande viwili, kimoja cha kwanza na kingine cha kubadilisha. Kiwe chake peke yake. Taulo moja ikipangusa timu nzima, itasambaza choa na upele. Aoshe mikono kwa maji na sabuni kabla ya mchezo, aikaushe hadi katikati ya vidole, na kucha ziwe fupi.

Akitoka lengelenge kidoleni kwa kurusha sana, usilipasue. Osha, lifunike kwa kitambaa safi, na asirushe mpaka lipone. Nimesema sheria nyingi zinakataza plasta kwenye vidole hivyo. Basi mtoto asilazimike kuchagua kati ya plasta na mchezo. Mwalimu ampe nafasi nyingine uwanjani kwa siku chache. Na kwa kuwa udongo huingia katika vidonda, hakikisha chanjo zake za pepopunda zimekamilika. Njoo na kadi kliniki tuangalie.

(Muziki mfupi.)

Sasa sikilizeni kwa makini sehemu hii, na kama una kalamu, andika. Chokaa ikimwingia mtoto, ufanye nini?

Ikiwa mkononi: kwanza pangusa ule unga mkavu kwa kitambaa kikavu, huku wewe ukijilinda mikono. Mvue bangili na nguo zilizopata chokaa. Kisha mwoshe kwa maji mengi safi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 20. Kama hakuna mfereji, mtu mmoja amimine kwa jagi huku mwingine akiteka. Usipake dawa ya meno. Usipake mafuta, yai wala siagi. Usitie ndimu wala siki ukidhani itaua chokaa, kwani utamwongezea maumivu. Funika kwa kitambaa safi, umlete kituo cha afya.

Ikiwa jichoni: usingoje hata dakika moja. Mlaze kichwa upande, jicho lenye chokaa liwe chini, ili maji yasiingie katika jicho zima. Fungua kope kwa vidole, mimina maji safi dakika 20 au zaidi, kisha mpeleke hospitali hata kama anasema maumivu yamekwisha. Chembe ya chokaa inaweza kujificha chini ya kope na kuendelea kula jicho. Mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kuona.

(Muziki mfupi.)

Narudi kwa yule binti. Mama yake aliporudi na kadi, nilimweleza. Kwanza alikasirika. "Kwa nini hukuniambia jasho linakusumbua?" Binti akanyamaza, akaangalia chini. Basi nikamwambia mama, "Hebu nipe mkono wako." Akasita, kisha akanipa. Kiganja chake kilikuwa kimelowa.

Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Mimi pia nimekuwa hivi tangu utoto, sista. Ndiyo maana kila siku natembea na leso. Sikujua kwamba na yeye amepata." Binti akamtazama mama yake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwona.

Akina mama, jasho jingi la viganja mara nyingi huanza utotoni au wakati wa kubalehe, na huonekana katika familia moja, mama na mtoto, au ndugu kwa ndugu. Si uchafu. Si laana. Haliambukizi kwa kupeana mikono. Linazidi mtoto akiwa na wasiwasi, na kumcheka kunazidisha wasiwasi, kwa hiyo kunazidisha jasho. Usimkataze kunywa maji ili asitoke jasho. Utamdhuru bure.

Kama linamsumbua shuleni, karatasi inalowa akiandika au hawezi kushika kalamu, mlete. Kuna dawa ya kupaka yenye kloridi ya alumini. Hupakwa usiku kwenye mikono mikavu isiyo na kidonda, na huoshwa asubuhi. Usiinunue tu dukani kwa kuambiwa na jirani. Uliza mhudumu wa afya kwanza.

Lakini kuna jasho ambalo si la kungoja. Mlete mtoto haraka kama anatoka jasho mwili mzima usiku hadi shuka zinalowa, kama anakohoa kwa wiki mbili au zaidi, kama anapungua uzito, ana homa, moyo unamwenda mbio akiwa amekaa, au shingo imevimba. Na mtoto mwenye kisukari akitoka jasho la baridi ghafla na kutetemeka, mpe kitu chenye sukari mara hiyo, kisha tafuta msaada.

Mkono wa yule binti ulichukua karibu wiki tatu kupona. Nilimwandikia mwalimu wake barua. Sasa mfuko wa chokaa hufungiwa stoo, mwenye kuchora mistari huvaa glavu, na watoto huambiwa wazi kwamba unga ule si wa mikono. Aliporudi kuchukua dawa mara ya mwisho, nilimuuliza kama bado wanamwita Chura. Akasema wengine bado. "Lakini sista," akaniambia, "nimewaambia hata mama ni chura." Mama yake akacheka hadi akatoa ile leso kujifuta machozi.

Basi kabla sijawaaga, tukumbushane. Chokaa isiguswe kwa mkono mtupu. Siku ya mechi, mafuta ya mikono yangoje usiku. Taulo kavu ya mtoto iwe yake mwenyewe. Unga wa kukausha uwe ule unaoruhusiwa, kwa ruhusa ya mwamuzi, mkononi tu. Vidole visilambwe. Na chokaa ikimgusa mtoto, pangusa, kisha maji dakika 20.

Na jioni ya leo, mtoto akirudi kutoka shuleni, mshike mikono yote miwili uiangalie. Usimuulize kwa ukali. Mshike tu. Anaweza akakuambia jambo ambalo amelificha muda mrefu.

Tukutane tena wiki ijayo saa kama hii. Kwaherini.

(Muziki wa kipindi.)

Maswali ya kujadili katika kikundi cha akina mama

1. Katika shule ya mtoto wako, mistari ya uwanja huchorwa kwa nini, na unga huo huwekwa wapi?

2. Taja vitu vitatu ambavyo watoto hutumia kukausha mikono na ueleze madhara ya kila kimoja.

3. Mwonyeshe mwenzako jinsi ya kuosha jicho lililoingiwa na chokaa. Tumia jagi na maji safi.

4. Je, kuna mtu katika familia yako ambaye viganja vyake hutoka jasho jingi? Mnaweza kumsaidiaje bila kumwaibisha?